Duara Nililoliacha Tupu

Mwaka 2020 nilipiga kura kwa mara ya kwanza Marekani, nikiwa raia mpya, katika kituo kimoja hapa Raleigh, North Carolina. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nikajaza duara la rais, la seneta, la gavana, kisha nikafika kwenye mstari wa Kamishna wa Kilimo. Majina mawili, yote siyajui. Nikajiambia, mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, naishi ghorofani, sina hata kopo la mchicha dirishani. Nikaruka. Baada ya hapo niliruka na nafasi nyingine mbili tatu, maana ukisharuka moja mkono unazoea. Nikapewa stika ya "nimepiga kura", nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia.

Baba alinipigia siku hiyohiyo kutoka Njombe. Hakuuliza habari za rais kama ndugu wengine wote. Aliuliza, "Mwanangu, na huko waziri wa kilimo anateuliwa kama huku, au mnamchagua wenyewe?" Nikamwambia anachaguliwa, tena jimbo zima. Akanyamaza kidogo. "Basi mna bahati sana. Wewe umempa nani?"

Nilimdanganya baba yangu. Nilitaja jina moja kati ya yale mawili, kwa sababu niliona aibu kumwambia kwamba nimeiacha nafasi hiyo tupu.

Ili ueleweke uzito wa swali lake, inabidi nikuambie habari ya viazi. Sisi ni watu wa viazi mviringo. Nimesomeshwa kwa viazi. Msimu wa kuuza, mnunuzi alikuwa anafika na lori lake, na magunia yake mwenyewe, na vijana wake wa kujaza. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu pale unapodhani kazi imekwisha ndipo inapoanza. Kijana anapanga viazi kuzunguka mdomo wa gunia, safu juu ya safu, anashona kwa kamba huku anakandamiza kwa goti, mpaka gunia linavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lile pale chini ya mti lilikuwa linabebwa na watu watatu, na bei ilikuwa ya gunia moja. Baba alikuwa anasimama pembeni, mikono nyuma, anatazama viazi vyake vikipanda juu ya gunia bure. Mizani haikuwepo. Ukilalamika, lori linahamia kwa jirani. Nimeyaona hayo tangu nina miaka saba, na mpaka leo nikiona gunia lililofura sipendi kulitazama.

Kwa hiyo baba anapouliza kuhusu mtu wa kilimo, anauliza kuhusu mizani.

Na mimi, mtoto wake, nilikuwa nimepewa karatasi na kalamu nimchague mtu ambaye ofisi yake ndiyo inayokagua mizani ya jimbo zima, nikaona hainihusu. Sikujua kazi yake. Lakini pia sikuuliza, na hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Nilianza kujua mwaka 2022. Kanisa moja pembeni ya mji lilitoa kipande cha ardhi kwa familia za wageni, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Rafiki yangu mmoja akanivuta nami nikachukua matuta manne. Tulipanda mahindi, maharage, mchicha ambao wenzangu wanauita lengalenga, na viazi vitamu kwa ajili ya matembele. North Carolina ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, lakini wakulima wake wanavuna kiazi na majani wanayaacha shambani. Sisi tulikuwa tunakuja kwa ajili ya hayo majani.

Mahindi yalitoka ya njano, yamedumaa, yanatia huruma. Udongo wa huku kwetu ni mwekundu, wa mfinyanzi, unafanana sana na wa nyumbani kwa rangi, nikadhani tutaelewana. Hatukuelewana. Afisa ugani wa kaunti alipokuja kutazama alitupa vijiboksi vidogo vya karatasi, kila kimoja kinatosha kiganjani. Tukachota udongo sehemu tofauti za kila kipande, kina cha sentimita 15 hivi, tukauchanganya kwenye ndoo safi, tukajaza kijiboksi, tukaandika namba. Nikauliza bei. Akasema kuanzia Aprili hadi Novemba kipimo ni bure, kuanzia Desemba hadi Machi ni dola 4 kwa kila sampuli, kwa sababu miezi hiyo maabara inazidiwa.

Majibu yalipokuja yalisema udongo wetu una asidi nyingi, mahindi hayawezi kupata chakula hata tukimwaga mbolea kiasi gani, tuweke kwanza chokaa, na kiasi chake kimeandikwa. Mbolea ya dukani tuliyokuwa tumeshanunua ilikuwa pesa iliyotupwa. Juu ya karatasi ya majibu pameandikwa Idara ya Kilimo na Huduma kwa Walaji ya North Carolina, na jina la kamishna: Steve Troxler. Moja ya yale majina mawili.

Kuanzia hapo nikawa kama mtu aliyenunua gari jekundu, kila barabara anaona magari mekundu. Nikienda kuweka mafuta, pampu ina alama ya ukaguzi ya idara hiyohiyo, maana wao ndio wanaohakikisha galoni unayolipia ni galoni kweli. Nikienda soko la wakulima la jimbo, lile la Lake Wheeler Road, soko lenyewe ni la idara. Maonyesho makubwa ya kilimo ya kila Oktoba ambayo watoto wangu hawakubali kuyakosa yanaendeshwa na idara. Wakaguzi wa machinjio madogo, wataalamu wa magonjwa ya mifugo, hata kikosi cha misitu kinachozima moto wa porini, wote wako chini ya kiti kile kimoja.

Na mizani. Pale sokoni mama mmoja alinipimia nyanya, nikaiona stika imebandikwa ubavuni mwa mizani yake. Nikaikodolea macho mpaka akadhani nina wasiwasi na bei. Nilitaka kumweleza habari za baba na magunia, Kiingereza kikanigomea, nikalipa nikaondoka.

Jirani yetu wa upande wa pili wa shamba ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, Mzungu, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Huyo ndiye aliyenipa somo la pili, tukiwa tumekaa kwenye mlango wa nyuma wa gari lake tunasubiri mvua iishe. Nilimuuliza kwa nini watu wa huku wanaona umuhimu wa kumchagua kamishna badala ya kumwachia gavana amteue, kama majimbo mengi yanavyofanya. Majimbo yanayomchagua ni 12 tu kati ya 50. Hakujibu swali langu. Akasema, "Wewe hujui kura ya 2004."

Aliyonisimulia nimeyasoma mwenyewe baadaye, na yako hivi.

Aliyekuwa kamishna mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliitwa Meg Scott Phipps, wa ukoo mkubwa wa siasa: baba yake alikuwa gavana, babu yake naye gavana, na babu huyo kabla ya ugavana alikuwa kamishna wa kilimo. Alijiuzulu mwaka 2003 na akafungwa, kwa kesi iliyohusu fedha za kampeni na kampuni zilizokuwa zinautaka mkataba wa bembea na michezo ya yale Maonyesho. Gavana akamteua Britt Cobb kushika nafasi. Uchaguzi wa Novemba 2004 Cobb, wa chama cha Democratic, akasimama dhidi ya Troxler, Mrepublican, mkulima wa tumbaku wa Browns Summit. Zikapigwa kura zaidi ya milioni 3.3. Troxler akawa mbele kwa kura 2,287.

Hapo ndipo ikagundulika kwamba katika kaunti ya Carteret, huko pwani ya Atlantiki, kura 4,438 hazipo. Zilikuwa za watu waliopiga mapema, kwenye mashine za kielektroniki zisizotoa karatasi. Maofisa wa kaunti walikuwa wameambiwa mashine inabeba kura 10,500. Ukweli ni kwamba ilikuwa imewekwa ibebe 3,005. Ilipojaa, watu waliendelea kuja, wakabonyeza, wakaondoka, na mashine haikuhifadhi kitu. Kura zilizopotea karibu mara mbili ya tofauti ya wagombea wawili. Kuhesabu upya haiwezekani, kwa sababu hakuna cha kuhesabu.

Dada wa yule mzee alikuwa anaishi huko Carteret na alipiga kura ya mapema mwaka ule. Mzee akanisimulia jinsi dada huyo alivyompigia simu analia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kukosa uchaguzi.

Tume ya uchaguzi ya jimbo ikaamua kura irudiwe Carteret kwa baadhi ya watu tu, mahakama ikakataa. Ikaamua irudiwe jimbo zima, mahakama ikakataa tena. Mwaka ukaisha, viongozi wengine wakaapishwa, kiti cha kilimo bado kinabishaniwa. Mwishowe watu wa Troxler walikwenda Carteret nyumba kwa nyumba kukusanya viapo vya maandishi vya watu waliokuwa tayari kusema wazi kwamba kura yao iliyopotea walimpa yeye. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu: ili Cobb ashinde angehitaji angalau kura 3,363 kati ya zile 4,438, kwa hiyo Troxler akishapata viapo 1,076, mchezo umekwisha. Alipata zaidi ya hapo. Februari 2005 Cobb akakubali kushindwa, na Troxler akaapishwa.

Nimefikiria sana juu ya wale watu wa viapo. Kura ni siri yako, ndivyo tunavyofundishwa kote, Njombe na Raleigh. Wao iliwabidi waifungue siri hiyo mbele ya mashahidi na kuweka sahihi, kwa ajili ya nafasi ambayo mimi miaka kumi na sita baadaye niliiruka kwa sababu naishi ghorofani. Na mwaka huohuo wa 2004 maelfu kwa maelfu ya watu waliojaza duara la gavana hawakujaza la kilimo. Wachache wao tu wangetosha kumaliza ubishi ule.

Mzee alimaliza kwa kuniuliza, "Ulipopiga kura, walikupa karatasi, siyo?" Ndiyo, karatasi. Mwaka 2005 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba kila kura lazima iwe na karatasi inayoweza kuhesabiwa kwa mkono, na kwamba baada ya uchaguzi sehemu ya kura zichaguliwe kwa bahati nasibu zihesabiwe hivyo, zilinganishwe na hesabu ya mashine. Kilichowasukuma zaidi ni kiti cha kilimo. Ile karatasi niliyoacha duara tupu, inalindwa na sheria iliyoletwa na duara lilelile.

Mvua ilikuwa imekwisha. Sikuwa na la kusema.

Oktoba 2024 nilijiandaa mapema. Rafiki yangu wa shambani, mama wa Kikongo ninayemwita Mama kwa heshima ya umri, alikuwa amepata uraia na hiyo ndiyo ilikuwa kura yake ya kwanza. Jioni moja alikuja jikoni kwangu. Tulitoa mfano wa karatasi ya kura kwenye tovuti ya tume, ukurasa mbele na nyuma, tukaanza kupitia mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Jimbo hili linachagua viongozi kumi wa serikali yake kwa kura ya moja kwa moja, na siku hizi huwezi kuweka alama moja ukapita na chama chote, kila nafasi inajazwa peke yake. Tulitumia chai birika zima.

Tulipofika kwenye kilimo akasoma, "Kamishna." Akaniangalia. "Wa polisi?"

"Hapana Mama, wa kilimo. Yule wa kijiboksi cha udongo."

"Aaa," akasema. "Huyu ana kazi."

Tukasoma habari za wagombea. Troxler alikuwa anaomba kipindi cha sita. Mpinzani wake mkuu alikuwa Sarah Taber wa chama cha Democratic, mtaalamu wa mazao. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Septemba, kimbunga Helene kilikuwa kimeng'oa mashamba ya milimani magharibi mwa jimbo, na malori ya nyasi kavu na chakula cha mifugo yalikuwa yanapanda huko, kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliwasikia hata wafanyakazi wenzangu wasio na shamba wakitaja idara ya kilimo. Sitaandika nilimchagua nani wala Mama alimchagua nani. Naweza kusema hatukukubaliana, na kwamba tulibishana juu ya wakulima wadogo na bei za ardhi mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Kilichomsumbua Mama ilikuwa mashine. Ndugu zake wako Fizi, na Kongo ilipopiga kura kwa mashine Desemba 2018 watu wengi waliiita mashine ya kuiba. "Na hii ya huku, ikimeza karatasi yangu, nitajua je kama imesoma?" Nikamsimulia habari ya Carteret yote, kwa kuwa sikutaka kumdanganya kwamba huku mambo hayajawahi kuharibika. Nilidhani itamtia hofu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Halafu walibadilisha sheria?" Nikasema walibadilisha. Akachukua kalamu akaanza kufanya mazoezi ya kujaza duara kwenye ule mfano, taratibu, bila kutoka nje ya mstari.

Kura za mapema zilianza tarehe 17 Oktoba, siku ileile Maonyesho yalipofungua milango. Tulikwenda asubuhi ya Jumamosi, tumebeba vitambulisho vyetu vya picha. Foleni ndefu, watu wamekuja na viti vya kukunja. Mama alikaa kwenye kibanda chake muda mrefu sana, mimi nikamaliza nikamsubiri mlangoni. Alipofika kwenye mashine aliingiza karatasi kwa mikono miwili kama anayeweka mkate kwenye tanuri. Ikavutwa. Kwenye kioo cha mashine kuna namba inayoonyesha karatasi ngapi zimeingia. Namba ikapanda kwa moja. Mfanyakazi wa kituo akampa stika, lakini Mama hakuondoka. Alisubiri mtu wa nyuma yake aingize karatasi, akaiangalia namba ikipanda tena, ndipo akaja.

Mimi nilijaza kila duara, mbele na nyuma. Lile la kilimo nilianza nalo.

Novemba 5 ilipopita, Troxler alirudi. Mwaka huohuo jimbo lilimpa Trump urais na likampa ugavana Josh Stein, Mdemocrat, ndiyo maana nasema watu wa huku wanasoma karatasi yao mstari kwa mstari kuliko wanavyosifiwa. Mwishoni mwa Novemba, kabla kipimo hakijaanza kulipiwa, tulichota udongo tena. Chokaa ilikuwa imefanya kazi yake.

Nilimpigia baba. Nikamwambia kwanza kwamba 2020 nilimdanganya, kwamba sikumchagua mtu yeyote wa kilimo, niliruka. Alikaa kimya. Nikaendelea, nikamweleza kijiboksi, na kura zilizopotea, na Mama na namba yake kwenye mashine, na stika niliyoiona ubavuni mwa mizani.

"Iko kwenye kila mizani?" akauliza.

"Ya biashara, ndiyo baba."

"Kwa hiyo huko mtu akiuza kilo mia za viazi, analipwa kilo mia."

"Inatakiwa iwe hivyo. Isipokuwa hivyo, kuna ofisi ya kulalamikia, na mwenye ofisi tunamrudia baada ya miaka minne."

Akasema sawa. Akaniuliza wajukuu wake wanaendeleaje shuleni. Kisha, kabla hatujaagana, akaniambia lori lilikuwa limefika kijijini juzi, na kwamba msimu huu ameuza magunia kumi na mawili. Sikumuuliza yalijazwaje.